Agosti iliyoliwa na tar

Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Mhasibu wetu alishafunga droo, mkoba uko begani, ananisubiri mimi tu. Duka lilikuwa la jumla, la vifaa vya ujenzi, pale Moshi. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta, yaani yule anayeitwa printa ikigoma na anayelaumiwa hata umeme ukikatika. Mkaguzi wa hesabu aliyekuwa Arusha alitaka mauzo ya mwaka mzima kabla ya Jumatatu, na mauzo hayo yalikuwa kwenye mafaili kumi na mawili ya CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, kila mwezi na lake.

"Mwanangu, umeshatuma?"

"Dakika mbili, mama. Nayabana kwanza, bando limebaki kidogo."

Nikafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikamwita tar, programu ya kukusanya mafaili kuwa furushi moja:

`tar -czf *.csv`

Nikabonyeza Enter. Teminali ikanyamaza. Kwa mtu wa Linux, mfumo uliokuwa kwenye kompyuta ile, kimya ni habari njema, amri iliyofanya kazi yake haipigi kelele. Nikaenda kuchukua furushi nililolitegemea, mauzo.tar.gz, niliambatishe kwenye barua pepe. Halipo. Nikaorodhesha folda: miezi yote kumi na miwili ipo, nikashusha pumzi. Halafu nikaona saa iliyoandikwa ubavuni mwa agosti.csv. Faili la Agosti lilikuwa limebadilishwa dakika moja iliyopita, na nilikuwa sijaligusa.

Nikalifungua. Takataka tupu: alama za ajabu, viulizo, vijisanduku. Nikaliuliza ni faili la aina gani kwa `file agosti.csv`, nikajibiwa kwamba ni data iliyobanwa kwa gzip, programu ya kubana mafaili. Hapo mikono ikaanza kupoa. Nikaandika `tar -tzf agosti.csv` kuona yaliyomo, yakatokea haya:

aprili.csv
desemba.csv
februari.csv
januari.csv
julai.csv
juni.csv
machi.csv
mei.csv
novemba.csv
oktoba.csv
septemba.csv

Hesabu mwenyewe. Kumi na moja. Ndani ya Agosti kulikuwa na miezi yote isipokuwa Agosti.

Nilichokosea ni kitu kimoja: sikuandika jina la furushi. Nilitaka kuandika `tar -czf mauzo.tar.gz *.csv`, vidole vikaruka jina. Sasa ile nyota, tar haiioni kabisa. Sheli, programu inayopokea amri kwenye teminali, ndiyo inayoiona kwanza, inaikunjua kuwa orodha ya mafaili yote yanayoishia na .csv, inayapanga kwa alfabeti, ndipo inamkabidhi tar. Na tar anachojua ni kwamba neno linalofuata herufi f ni jina la furushi atakaloandika. Kwa alfabeti, Agosti iko mbele ya Aprili. Basi akalifungua agosti.csv, akafuta vyote vilivyokuwamo, akaanza kupanga Aprili mpaka Septemba ndani yake. Hakuuliza, maana nilichomwambia kilieleweka vizuri tu. Kama folda ingekuwa na faili moja, angekataa: tar wa GNU, yule wa kwenye Linux, ana ujumbe wake maarufu wa kusema kwamba anakataa, tena kwa woga, kuunda furushi tupu. Mafaili yalikuwa kumi na mawili, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuogopa.

Bakapu? Ilikuwepo, kwenye flashi. Iliishia Julai.

Nimeshawaelekeza vijana wengi tangu siku ile, na nimeona kwamba wengi wanaoichukia teminali kwa sababu ya tar hawajawahi kuambiwa kwamba hizi ni kazi mbili zilizovalishwa kanzu moja. Mimi ninayo picha yangu ya kueleza. Shangazi yangu aliuza mitumba soko la Memorial, na nilipokuwa mdogo nilikwenda naye wakati wa kufungua belo. Belo ni nguo nyingi zilizokusanywa pamoja, halafu zikabanwa na mashine, zikafungwa mikanda. Kukusanya na kubana ni vitu viwili. Unaweza kuzirundika nguo kwenye shuka ukafunga fundo bila kuzibana hata kidogo: hilo ni furushi, na ndiyo kazi ya tar. Mashine ya kubana ni gzip. Ile -z ndiyo inayowaita wote wawili kwa pamoja.

Tar peke yake hapunguzi chochote. Huongeza. Jaribu: andika neno moja kwenye faili, lifungie kwa `tar -cf a.tar salamu.txt`, kisha tazama ukubwa. Neno la herufi sita limekuwa baiti 10,240. Tar alizaliwa kwa ajili ya tepu, hata jina lake ni kifupi cha "hifadhi ya tepu" kwa Kiingereza, na alitoka na toleo la saba la Unix, mfumo wa zamani ambao Linux inaufuata, mwaka 1979. Tepu huandikwa kwa vipande sawa. Kila faili hupewa kipande cha baiti 512 cha kuandikia jina, mwenye mali, ruhusa na tarehe, kisha yaliyomo hujazwa kwenye vipande vingine vya 512, na cha mwisho kikibaki na nafasi hujazwa sifuri. Mwishoni huwekwa vipande viwili vya sifuri kuonyesha kwamba mzigo umekwisha, halafu vyote hukamilishwa hadi kufikia vipande ishirini. Ishirini mara 512 ni hizo 10,240. Tepu hatuna tena, lakini tabia ya tepu tunayo. Gzip akipita juu ya hizo sifuri huzimaliza karibu zote, ndiyo maana wawili hawa wameishi pamoja miaka yote hii bila ugomvi.

Herufi zake nilijifunza kwa Kiswahili, na sijawahi kuzisahau tena. c ni changa, kusanya mzigo. t ni tazama. v ni vitaje, yaani vitaje kimoja kimoja unapovipitia. f ni faili, na jina lazima liigande. z ni zipu. C kubwa ni chumba, mahali pa kumwagia mzigo. x haimo kwenye alfabeti yetu, lakini nayo naiona kama mikasi inayokata mikanda ya belo. Ukiandika `tar -cfz mauzo.tar.gz *.csv` badala ya `-czf`, utapata faili jipya linaloitwa z, halijabanwa hata kidogo, na malalamiko kwamba mauzo.tar.gz haionekani. Kosa ni lilelile: f huchukua kinachoifuata mara moja, hata kikiwa herufi.

Turudi Moshi. Jumamosi asubuhi tulikaa, mimi na mama mhasibu, na vitabu vya risiti vya Agosti. Yeye anasoma, mimi naandika. Tulikaa siku tatu, na Jumapili alitoka kanisani akaja na chapati. Mkaguzi aliombwa radhi kwa simu na mama mwenyewe, ambaye hakunitaja. Alisema tu kwamba "kuna mwezi mmoja umechelewa".

Risiti za duka la ujenzi zinafanana mno. Saruji mifuko kumi. Saruji mifuko kumi. Nondo milimita 12, vipande vinane. Bati geji 30. Misumari ya bati kilo mbili. Saruji mifuko kumi. Kufika saa tano mama alikuwa amechoka kusoma, akaanza kukatisha: "Kama ya juu." Kisha: "Kama ya juu, ila mifuko ishirini." Kisha ikawa: "Rudi mistari minne, chukua ile yote ya nondo na bati." Nami narudi, nanakili, nabandika.

Nilikuwa nimeshaitumia gzip miaka kadhaa bila kujua anafanyaje. Siku ile nilikuwa nimekaa ndani ya tumbo lake. Anachofanya ndicho alichokuwa akifanya mama: haandiki upya kitu alichokwisha kukiandika, anaandika "rudi nyuma kiasi hiki, nakili kiasi hiki". Njia hiyo ni ya Jacob Ziv na Abraham Lempel, waliyoichapisha mwaka 1977. Chukua maneno ya kuzungusha ulimi:

wale wana wa liwali wala wali wa liwali

Ni herufi 39 ukihesabu na nafasi. Ukifika baada ya neno "wali" lile la chakula, kilichobaki ni nafasi, "wa", nafasi, "liwali": herufi 10. Hizo kumi zilishapita, zikiwa zilezile kwa mpangilio uleule, herufi 20 nyuma. Basi badala ya kumi unaandika namba mbili tu: rudi 20, nakili 10. Gzip hawezi kurudi nyuma zaidi ya baiti 32,768, na kwa mpigo mmoja hanakili zaidi ya 258, lakini kwenye vitabu vya risiti hiyo inatosha sana.

Baada ya hapo kuna hatua ya pili, ya David Huffman, aliyoibuni akiwa mwanafunzi pale chuo cha MIT, Marekani, na kuichapisha 1952. Kinachotokea mara nyingi hupewa alama fupi, kinachotokea kwa nadra hupewa ndefu. Kwa Kiswahili a ndiyo mfalme, imo kila mahali, kwa hiyo hupata biti chache, yaani zile sifuri na moja za kompyuta. Q ikijitokeza kwenye jina la mteja hulipa gharama kubwa. Hatua hizo mbili pamoja ndizo zinazotumiwa na gzip, na ndizo zinazotumiwa mara nyingi ndani ya faili la zipu.

Usijaribu sentensi ya liwali peke yake lakini. Nimejaribu, ikatoka kubwa kuliko ilivyoingia, kwa sababu gzip huweka baiti 10 mbele na 8 nyuma za mambo yake mwenyewe, pamoja na jina la faili. Mzigo mdogo haulipi nauli ya kontena.

Picha nazo hazibanwi. Hili linawaudhi watu kuliko yote. Binamu yangu aliwahi kuniletea picha za harusi, folda nzito, akitaka "niizipu" ili aitume kwa bando la siku. Baada ya kusubiri, mzigo ukatoka karibu na ulivyoingia. Akadhani sijui kazi. Picha ya JPEG imeshabanwa ndani ya simu au kamera kabla hujaiona, na hatua yake ya mwisho kwa kawaida ni Huffman yuleyule. Kumpa gzip picha ni sawa na kumpelekea mwenye mashine belo lililokwisha kufungwa mikanda. Kilichomsaidia binamu ni kupunguza vipimo vya picha zenyewe, na hiyo ni kazi nyingine.

Sasa bando. Mtu aliyelelewa kwenye intaneti isiyokatika hujifunza tar.gz na zipu kama majina mawili ya kitu kimoja. Sisi tuliopakua vitu usiku kwa bando la bei nafuu tunajua tofauti yake, kwa sababu tumeona mzigo ukikatika katikati. Zipu hubana kila faili peke yake, kisha huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa. Uzuri wake ni kwamba ukitaka faili moja kati ya elfu moja, programu inasoma orodha, inakwenda moja kwa moja pale lilipo. Ubaya ni kwamba bando likiisha mzigo ukiwa robo tatu, orodha haijafika. Unzip ataangalia mkiani, hataona kitu, atagoma, ingawa karibu vyote umeshavilipia na viko kwenye diski yako. Kuna `zip -FF` ya kujaribu kuokoa, na mara nyingine huokoa.

Tar.gz ni kinyume. Ni mkondo mmoja unaotiririka kutoka mwanzo. Kutazama tu orodha kwa -t kunamlazimu aupitie wote, na kwa mzigo wa GB nyingi utakwenda kunywa chai. Lakini ukikatika, `tar -xzf` atakutolea kila kilichofika kikiwa kizima, kisha ndipo alalamike kwamba faili limeisha ghafla. Nimewahi kufanya kazi wiki nzima na nusu ya mzigo wa namna hiyo huku nasubiri mshahara. Ushauri wangu hata hivyo ni `wget -c`, inayoendelea kupakua ilipoishia, kama seva ya upande wa pili inaruhusu.

Zipu nayo ina mwenyewe. Ni Phil Katz, Mmarekani wa Milwaukee, aliyetoa PKZIP mwaka 1989 na kuuweka wazi muundo wa faili lake, yeyote autumie. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37. Herufi za mwanzo za jina lake zimo ndani ya kila faili la zipu duniani, na si zipu tu: faili la Word la siku hizi ni zipu, la Excel ni zipu, APK, faili la programu ya simu ya Android, ni zipu. Andika `head -c 2 barua.docx` uone kitakachotoka. PK. Kuna siku nilitoa picha zote za ripoti iliyokuwa imegoma kufunguka kwa kuandika `unzip ripoti.docx` tu, na mwenye ripoti akaniangalia kama mganga.

Gzip mwenyewe alizaliwa kwa sababu ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Unix ilikuwa na programu iliyoitwa compress, iliyotumia njia ya LZW, na LZW ilikuwa imewekewa hataza iliyokuwa mikononi mwa Unisys. Mradi wa GNU, wa programu huria, ukataka kitu ambacho hakuna mtu angekuja kukidai. Mwaka 1992 Jean-loup Gailly akaandika upande wa kubana, Mark Adler akaandika upande wa kufungua, na tunakula matunda yao hadi leo tunapofungua kurasa za wavuti, maana seva nyingi huzituma zikiwa zimebanwa kwa njia hiyohiyo.

Wapo wanaobana zaidi. Bzip2 sikuwahi kumpenda, ni mzito bila faida ya kutosha. Xz hubana vizuri sana lakini huchukua muda wake na kumbukumbu ya mashine. Mzigo utakaobanwa mara moja na kupakuliwa na watu elfu, mpe yeye. Zstd, aliyeandikwa na Yann Collet na kutolewa na Facebook mwaka 2016, ni mwepesi kwelikweli, na kwa bakapu za kila usiku ndiye ninayemtumia sasa. Kufungua huna haja ya kukumbuka nani alibana: tar wa GNU hutambua mwenyewe, `tar -xf` inatosha.

Xz alitutisha wote mwaka 2024. Aliyekuwa akiitunza programu hiyo kwa miaka ni mtu mmoja, kwa kujitolea, amechoka. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akaaminiwa taratibu mpaka akapewa funguo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake, uliolenga SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi nilipoteza mwezi mzima wa mauzo mbele ya macho yangu nikashusha pumzi. Akatangaza tarehe 29 Machi, na matoleo hayo yakaondolewa kabla hayajaenea kwenye seva nyingi.

Siku hizi nina desturi chache. Natazama kabla ya kukata mikanda, `-t` kwanza, kwa sababu wapo wanaofunga mafaili mia tatu bila folda, ukikata tu yanamwagika katikati ya mafaili yako mengine, na kuyachambua ni kazi ya mchana mzima. Shangazi hakuwahi kufungua belo barabarani. Alitandika turubai kwanza. Turubai langu ni `mkdir chumba` kisha `tar -xf mzigo.tar.gz -C chumba`. Gzip nikimtumia peke yake humwekea -k, ambayo kwangu ni "kaa", maana bila hiyo huliondoa faili la asili na kuacha lile la .gz tu, jambo lililomliza kijana mmoja niliyekuwa namfundisha, alidhani amefuta tasnifu. Mzigo usioingia kwenye flashi za zamani, ambazo hazipokei faili linalofika GB 4, naukata kwa `split -b 2G bakapu.tar.gz sehemu_` na upande wa pili wanauunganisha na kuufungua kwa mpigo mmoja: `cat sehemu_* | tar -xzf -`. Na jina la furushi naliandika kwanza, kabla hata ya herufi nyingine: naandika jina, narudi mwanzo wa mstari, ndipo naweka tar. Vijana hunicheka.

Agosti tuliyoiandika upya ilipishana na jumla ya kitabu cha benki kwa mfuko mmoja wa saruji. Tuliutafuta mpaka usiku, ukapatikana kwenye risiti iliyogandana na nyingine kwa chai. Lile faili la kwanza, lililoharibika, nilikataa kulifuta. Nimelihamisha kompyuta tatu sasa. Linaitwa agosti.csv na ndani yake kuna miezi kumi na moja. Mama mhasibu alishastaafu, yuko Machame na migomba yake, na kila tarehe mosi ya Agosti simu yangu hulia kabla sijaamka: "Mwezi wako umeingia, mwanangu. Usiule."